Majina Yaliyoandikwa Ukutani

Jina jema hung'ara gizani, walinena wahenga. Majumba ya sinema ya Unguja yalipewa majina ya enzi na ufalme: Royal, Empire, Majestic, Sultana. Hata asiyejua Kiingereza aliyatia ulimini, yakawa majina ya mji.

Jumba la Vuga lina historia ya majina mawili. Royal, iliyochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa pia mtumishi wa serikali ya kikoloni, ilifunguliwa mwaka 1921. Ikateketea kwa moto mwaka 1954. Mwaka uliofuata, mahali pale pale pakasimama Majestic, kazi ya msanifu Dayalji Pitamber Sachania. Yalipokuja Mapinduzi ya 1964, majumba ya sinema yalitaifishwa. Sultana ya Malindi ikavuliwa jina lake, ikavishwa la Cine Afrique. Majestic ikabaki na lake.

Ng'ambo ya pili, Dar es Salaam, sinema ya kutazamwa magarini ilifunguliwa Msasani mwaka 1966. Leo kiwanja hicho ni cha Ubalozi wa Marekani. Kibao hakipo tena barabarani, na jina limebaki katika kumbukumbu za waliokwenda kutazama. Vuga ingali na bahati ya ukuta.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na jumuiya ya Hifadhi Zanzibar imejitwika azma ya kuifufua Majestic. Fundi anayerejesha maandishi ya zamani hukwangua rangi tabaka kwa tabaka, hulinganisha na picha za kale, kisha hupambana na chumvi ya bahari, adui wa chuma na chokaa. Lakini swali gumu si la fundi: Malindi, kwa mfano, lirejeshwe jina lipi, la Sultana au la Afrique?

Kulirejesha jina si kuurejesha utawala. Aliyenunua tiketi mwaka 1960 na aliyenunua mwaka 1970 wote ni watu wa mji huu, na kila mmoja alisoma jina lake mlangoni. Kufuta moja ni kumfuta mmoja wao. Basi yote mawili na yaandikwe, kila moja na mwaka wake.

Wala herufi peke yake hazitoshi. Jina jipya juu ya ukumbi mtupu ni mashahidi ya kaburi tu. Ndani nako kuwe na giza, na watu, na picha.