Jinja na Mbale katika Safari ya Uhuru wa Uganda

Ndugu wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika, watoto wetu shuleni wanajua kuwa Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Lakini uhuru huo ulikuja kwa hatua.

Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1894. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1921, lakini Waafrika wa kwanza, watatu tu, waliingia mwaka 1945. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Katika miaka hiyohiyo wakulima wa kahawa wa Mbale waliunganika katika Chama cha Ushirika cha Bugisu. Humo walijifunza kuchagua viongozi na kuwadai hesabu.

Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipewa serikali ya ndani chini ya Benedicto Kiwanuka. Baada ya uchaguzi wa Aprili, Milton Obote akawa Waziri Mkuu.

Hata hivyo, Bugisu na Bukedi zote ziliudai mji wa Mbale, na Katiba ya 1962 ikauweka kuwa eneo la peke yake. Bendera ilipandishwa, swali la mji ni wa nani likabaki. Sisi tuliokimbia makwetu tunajua uzito wa swali hilo.

Kwa hiyo tunapochagua kamati yetu na kusomewa hesabu zake, tusidharau. Kujitawala huanzia hapo.