Wimbo Mmoja Mara Mia Mbili: Ipi Iliyo Bora?

Leo ni somo la historia, lakini hatutataja wafalme wala vita. Tutazungumza juu ya wimbo mmoja, na watu waliobishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50. Wewe uliyetusikiliza redioni, fuata sasa maneno haya polepole. Wewe ambaye hukutusikia, usiwe na wasiwasi. Tuliyoyasema yamo humu.

Kwanza nakuuliza swali. Je, umepata kwenda arusini ukasikia wimbo ukipigwa ukanoga, kisha baada ya wiki ukausikia tena, wapigaji wakiwa wale wale, nao usinoge hata kidogo? Bila shaka umepata. Wimbo ni ule ule, lakini usiku si ule. Lishike jambo hilo, maana ndilo litakalotuongoza.

BENDI NA WIMBO WAKE

Katika mwaka 1965, huko jimbo la California, Marekani, vijana watano waliunda bendi. Walianza kwa jina la Warlocks, na kabla ya mwaka kwisha wakajiita Grateful Dead. Miongoni mwao alikuwapo Jerry Garcia, mpiga gitaa, na Phil Lesh, aliyepiga gitaa la besi. Bendi hiyo ilidumu miaka 30 na ikafanya maonyesho kama 2,300. Ilikwisha mwaka 1995 Garcia alipofariki dunia.

Bendi nyingi huupiga wimbo kama watu walivyouzoea katika santuri. Hawa walikuwa na desturi nyingine. Waliuanza wimbo kama ulivyotungwa, halafu wakauacha njiani, wakaanza kutunga papo kwa papo mbele ya watu. Mmoja akitupa sauti, mwenziwe humjibu. Wa tatu akigeuza mwendo, wote humfuata. Hapakuwa na aliyejua watafika wapi. Pengine walipotea kabisa, pengine walifika mahali ambapo hawajapata kufika tena.

Wimbo uliowapa nafasi kubwa ya kufanya hivyo uliitwa Dark Star, maana yake Nyota ya Giza. Maneno yake aliyatunga Robert Hunter. Mwaka 1968 ulitolewa katika santuri ndogo, nao haukufika hata dakika 3. Lakini mwaka uliofuata bendi ilitoa santuri iliyonaswa katika maonyesho, na humo Dark Star ilichukua dakika 23! Ilikuwa imepigwa tarehe 27 Februari 1969, katika ukumbi wa Fillmore West, mjini San Francisco.

Watu wengi waliujua wimbo huo kwa santuri hiyo, wala hawakupata kuona bendi yenyewe. Basi kwao Dark Star hiyo ikawa ndiyo pishi ya kupimia nyingine zote. Wimbo ulipigwa mbele ya watu zaidi ya mara 200 kwa jumla, na hakuna mara mbili zilizofanana. Ndipo lilipozuka swali: je, ipi ndiyo bora?

WALIOHIFADHI SAUTI

Fikiri kidogo, msomaji. Ukitaka kulinganisha maembe mawili, huna budi kuwa nayo yote mawili. Sauti je? Sauti ikishatoka imekwenda zake. Basi wapenzi wa bendi walichukua mashine za kunasa sauti, wakaingia nazo katika maonyesho. Mwanzoni wengine walizificha ndani ya makoti, kwa kuwa hawakuwa na ruhusa. Baadaye, Oktoba mwaka 1984, bendi yenyewe iliwatengea mahali pao pa kukaa na mashine zao. Sharti lilikuwa moja: tepe zibadilishwe bure, zisiuzwe.

Tepe hizo zilisafiri kwa posta. Mtu wa New York alimwandikia mtu wa California ambaye hakupata kumwona. Alimpelekea utepe mtupu na stempu za kurudishia, na mwenziwe akamnakilia sauti. Juu ya kila utepe waliandika tarehe, mji, ukumbi, na nyimbo kwa utaratibu wake. Mwaka 1974 lilianzishwa hata gazeti la watu hao, na mwaka 1987 kikatoka kitabu kiitwacho DeadBase, kilichoorodhesha maonyesho na nyimbo zilizopigwa.

Ninyi mnaojifunza kuandika, liangalieni sana jambo hili. Utepe usio na tarehe haukuwa na faida kubwa. Ulikuwa ni sauti tu, mtu hajui ya lini wala ya wapi. Mstari mmoja wa maandishi ndio ulioifanya sauti hiyo kuwa ushahidi.

WANAVYOCHAGUA

Sasa tuwasikilize wachaguzi wenyewe. Hawakubaliani, na kila mmoja ana sababu yake.

Wa kwanza husema, "Bora ni ile ya New York ya tarehe 13 Februari 1970." Ilipigwa katika ukumbi wa Fillmore East, ikachukua karibu nusu saa. Husifu jinsi wapigaji walivyosikilizana, wakatoka penye utulivu mkubwa mpaka penye furaha.

Wa pili husema, "La, urefu ndio ushujaa." Naye huchagua ile ya Rotterdam, Uholanzi, ya tarehe 11 Mei 1972, iliyozidi dakika 45. Lakini mwenziwe humjibu kwamba safari ndefu si lazima iwe safari njema.

Wa tatu huchagua Veneta, katika jimbo la Oregon, tarehe 27 Agosti 1972. Hapo palikuwa uwanjani, jua kali mno. Kiwanda kidogo cha maziwa cha jamaa za mwandishi Ken Kesey kilikuwa katika shida ya fedha, na bendi ilikuja kupiga ili kukisaidia. Dark Star ya siku hiyo ilipita nusu saa, ikipigwa jua likielekea kutua. Je, wanausifu muziki, au wanausifu wema wa siku ile? Vitu hivyo viwili vimeshikana, si rahisi kuvitenga.

Wa nne huchagua kwa sababu ya kungoja. Baada ya Oktoba mwaka 1974, bendi iliacha kuupiga wimbo huo kwa miaka 4. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1978, ukumbi wa Winterland wa San Francisco ulipokuwa ukifungwa, wapenzi walitundika kitambaa kilichoandikwa kwamba zimepita siku 1,535 tangu Dark Star ya mwisho mjini humo. Ya mwisho ilikuwa tarehe 18 Oktoba 1974. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Usisahau kwamba Februari ya mwaka 1976 ilikuwa na siku 29. Utaona hawakukosea hata siku moja. Na usiku ule bendi iliupiga.

Kisha ukawa adimu tena. Baada ya Julai mwaka 1984 haukusikika kabisa mpaka tarehe 9 Oktoba 1989, katika mji wa Hampton, jimbo la Virginia. Bendi ilikuja pale kwa jina lake la zamani, ili watu wasije wengi kupita kiasi. Sauti za kwanza za wimbo zilipotoka, ukumbi mzima ulilipuka kwa kelele, na kelele hizo zimo katika utepe mpaka leo. Aliyekuwapo hatakubali kuambiwa kwamba kuna nyingine bora. Utamlaumu?

ZILE AMBAZO HAZIKUSIKIKA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Hawa wote wamechagua kati ya zile walizozisikia. Je, zile ambazo hazikunaswa? Miaka ya mwanzo bendi ilipiga mara nyingi pasipo utepe kubaki. Huenda iliyo bora kuliko zote ilipigwa usiku mmoja mbele ya watu mia chache, ikapotea kama moshi. Katika orodha ya wachaguzi haitaingia kamwe.

Tena ziko zilizoponea chupuchupu. Bendi ilikuwa na fundi wa sauti hodari, mwanamke aitwaye Betty Cantor-Jackson. Alinasa maonyesho mengi kwa ufundi mkubwa. Baadaye tepe zake zilikaa katika ghala la kupanga, kodi ya ghala ikakosa kulipwa, na mwaka 1986 vitu vyote vikapigwa mnada. Wanunuzi wengine hawakujua wamenunua nini. Kwa bahati njema baadhi ya tepe zilifika mikononi mwa watu waliojua thamani yake, wakazisafisha na kuzinakili.

Betty huyo ndiye aliyenasa maonyesho ya Chuo Kikuu cha Cornell ya tarehe 8 Mei 1977. Usiku huo Dark Star haikupigwa, lakini wapenzi wengi huuita usiku bora wa bendi. Hata Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza maonyesho hayo katika orodha yake ya mwaka 2011 ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa. Wako wanaopinga. Wanasema, "Usiku ule ulikuwa mzuri, lakini umesifiwa zaidi kwa sababu utepe wake ni safi na nakala zake zilienea kila mahali." Neno hilo lina uzito. Kizuri kilichosikiwa na wengi hukishinda kizuri kilichosikiwa na wachache.

Kwa hiyo, mtu akikuambia jambo fulani ndilo bora katika historia, iwe wimbo, iwe mtu, iwe zama, usikatae upesi wala usikubali upesi. Muulize mambo matatu. Amelinganisha na nini? Nani aliyehifadhi habari hizo? Na zipi zilizopotea?

Kabla ya kuagana, nitakupa habari ya mtu aliyekataa kuchagua. Ni John Oswald, mwanamuziki wa Kanada. Alipewa ruhusa ya kuingia katika hazina ya bendi, akachukua Dark Star kama 100 za miaka mbalimbali, akazisuka pamoja ziwe wimbo mmoja mrefu. Kazi hiyo ilianza kutoka mwaka 1994. Humo Garcia wa ujana anapiga pamoja na Garcia wa uzee. Wako walioipenda, na wako waliosema, "Hiyo nayo ni moja tu zaidi ya kubishania."

Nawe, katika kijiji chako au mtaa wako, kuna ngoma au wimbo ambao wazee husema ulipata kupigwa vizuri sana mwaka fulani. Kawaulize ilikuwa lini, wapi, na nani alipiga. Kisha yaandike, na usisahau tarehe. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA: pishi, nakala, ushahidi, mnada, adimu.

MASWALI
1. Dark Star ya mwaka 1968 na ile ya Fillmore West zilipitana kwa dakika ngapi, zaidi au pungufu kidogo?
2. Kwa nini utepe usio na tarehe una faida ndogo?
3. Kati ya wachaguzi wanne, wewe unakubaliana na nani? Eleza sababu yako kwa mistari mitatu.
4. Andika habari za wimbo mmoja uliousikia ukipigwa vizuri: siku, mahali, na majina ya wapigaji.