Wasioandikwa Popote

Hapa Mwanza, tarehe 21 Mei 1996 haihitaji maelezo. Asubuhi ile MV Bukoba, meli ya mwaka 1979 yenye nafasi ya abiria 430, ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imeshaikaribia bandari. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Wa daraja la tatu, wenye nauli ndogo, hawakuandikwa popote, na ndiyo maana hadi leo waliokufa hutajwa kwa makisio, mara nyingi karibu 900. Wengi wamezikwa Igoma.

Kinachoniuma zaidi ni lile tundu. Meli ilikuwa ingali inaelea kifudifudi, na ndani walikuwamo watu hai. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, wakatoboa chuma ili wawatoe; hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Ujuzi wa kuwaepusha na kosa lile ulikuwapo duniani, ila siku ile haukuwa Mwanza. Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walipofika, iliyobaki ilikuwa kazi ya kutoa miili.

Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kikapinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, kikiwa kimejaa watu waliotoka gulioni Bugolora. Walikufa zaidi ya 220. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani Bukoba, 6 Novemba 2022, wavuvi ndio walioanza kuifikia kwa mitumbwi yao. Kati ya watu 43, 24 wakapona.

Mimi nilifundisha shule ya msingi Ilemela, jirani na mwalo. Wanafunzi wetu hawakufia melini. Walizama wakichota maji kabla ya kengele, wakifua, wakiogelea Jumamosi na sikukuu. Walikwenda mmoja mmoja, na kwa mtoto mmoja haiundwi tume. Nilipiga mstari kwenye daftari la mahudhurio, basi. Ofisa uvuvi alishughulika na nyavu, bwana afya na kipindupindu, polisi waliitwa mwili ukishapatikana, na sisi walimu hatukuwa na kipindi cha kuogelea.

Shirika la EMEDO la hapa Mwanza, likisaidiwa na RNLI, waokoaji wa majini wa Uingereza na Ireland, lilianza kulichukulia jambo hili kuwa kazi ya wote: wavuvi, shule, serikali za vijiji na watabiri wa hali ya hewa. Tarehe 28 Aprili 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuzuia vifo vya kuzama, likaitenga 25 Julai kuwa siku yake, na kuzihimiza nchi ziteue mratibu mmoja wa kuziunganisha idara.

Kwangu mimi, idara ya kwanza kuitwa ni ya maji. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, huvuta maji ya ziwa hilihili pale Capri Point, na bomba likifika mtaani mtoto hana haja ya kuingia ziwani na ndoo alfajiri. Kwa hiyo nikialikwa kwenye kikao cha kata huomba mhandisi wa maji awepo, akae na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, na mwalimu mkuu, wawe na daftari moja: jina la mtoto, umri wake, saa aliyozama, na kilichompeleka majini.