Bao Bila Daftari

Ndugu msomaji, ukipita mtaani kwetu Temeke saa za alasiri utasikia kelele kabla hujawaona watu. "Kula huyo!" "Acha papara wewe!" "Amelala, amelala!" Mgeni atadhani watu wanagombana. La hasha! Ni kijiwe chetu cha bao chini ya mwarobaini. Hakina ofisi, hakina bendera wala kadi ya uanachama, lakini kina sheria kali kuliko vilabu vingi vyenye mihuri. Mtazamaji haruhusiwi kugusa kete. Anayeshindwa anampisha mwingine. Na mdogo sharti aamkie wakubwa kabla ya kuomba nafasi. Ukisahau shikamoo hutacheza siku hiyo, hata kama wewe ndiye fundi wa mtaa mzima.

Mimi nilifika hapo mwaka niliomaliza kidato cha nne, matokeo yangu yakiwa ya kuficha. Nyumbani kila asubuhi niliulizwa, "Leo unakwenda wapi?" Kijiweni hakuna aliyeniuliza. Vijana wa rika langu walikuwa upande wa pili wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, lakini mimi nilivutwa na wazee, hasa mmoja ambaye wote humwita Fundi. Mimi namwita Babu, ingawa hatuna undugu wa damu.

Kwa wasiolijua, bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64, ambazo kwa desturi huwa ni komwe. Kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni huweka ubaoni 10 tu: 6 katika nyumba, lile shimo la pembe nne, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 hubaki mkononi, na kila zamu huingiza moja. Hiyo ndiyo namua. Za mkononi zikiisha, mchezo unaingia katika mtaji. Unakula kete za shimo la mbele la mwenzako linalotazamana na lako, unazisambaza upande wako. Ukimalizia kwenye shimo lenye kete unaendelea, ukimalizia kwenye shimo tupu umelala, zamu ni ya mwenzako. Anayemalizwa safu ya mbele ameshindwa. Zamu moja inaweza kuzunguka na kuzunguka, na fundi anakuwa ameshauona mwisho wake kabla hajanyanyua kete ya kwanza. Huo sio uvivu, ndugu yangu. Hiyo ni hesabu.

Na mchezo wenyewe ni wa zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao. Huyo alikufa zaidi ya miaka 20 kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam mnamo 1862. Kwa maneno mengine, bao lilikuwapo pwani hii kabla ya mji wetu.

Lakini nilipoanza kutafuta habari za wachezaji wenyewe, watu wa kawaida wa Magomeni, Kinondoni na Temeke, nilikuta jambo la kusikitisha. Mara nyingi mtu wa kijiweni huonekana katika historia ya mji pale tu anapofukuzwa.

Tuanzie wakati wa Mwingereza. Mji ulikuwa unakua upesi. Sensa ya 1957 ilihesabu watu wapatao 128,000, na ile ya 1967 watu wapatao 272,000. Serikali ya kikoloni ilijenga nyumba Magomeni na Temeke katika miaka ya 1950, lakini wakati huo huo ilifanya misako. Mwafrika asiye na kazi wala risiti ya kodi aliitwa mhuni, akarudishwa kwao. Mkoloni alimtaka mtu wa kufanya kazi tu. Mtu wa kukaa mjini na kupumzika kama wenye mji hakumtaka.

Uhuru ukaja, lakini shaka juu ya mtu aliyekaa haikuondoka. Azimio la Arusha la 1967 lililaumu nguvu zinazopotea katika soga, ngoma na ulevi. Halafu ukafika mwaka 1983. Nchi ilikuwa taabani, sabuni na unga vinapangiwa foleni, na Edward Sokoine alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka huo ndipo ilipotungwa sheria ya nguvu kazi, kwamba kila mwenye uwezo lazima awe na kazi inayotambulika. Hapa Dar es Salaam watu walitakiwa kuwa na vitambulisho vya kazi. Waliokutwa bila hivyo walihesabiwa wazururaji, wengi wakasombwa kwa magari kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini baadaye.

Sheria hiyo haikukataza bao. Tena Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, nyumbani kwake Butiama alicheza na wazee wenzake. Lakini askari mgambo anayepita mtaani saa nne asubuhi na kukuta wanaume wanane wamezunguka ubao, atajuaje nani mzururaji na nani si mzururaji?

Hapa ndipo nilipomuuliza Babu. Kwanza alicheka, kisha akanyamaza. Babu alikuja kutoka Rufiji mwaka 1968, akaajiriwa kiwandani, mara nyingi zamu ya usiku. Hebu tafakari, msomaji. Mtu anatoka kazini saa moja asubuhi, anaoga, analala kidogo kwenye chumba chenye joto la bati, anaamka saa nne anakwenda kucheza bao. Anayepita anaona mvivu. Hajui kwamba wakati yeye amelala usiku, yule mvivu alikuwa amesimama mbele ya mashine saa nane nzima.

"Siku hiyo mimi nilikuwa nacheza na Muuza Kahawa," Babu aliniambia. Jina lake la kweli hakunitajia, na mimi sikumlazimisha. "Tulikuwa bado kwenye namua. Nyumba yake ilikuwa imejaa, nakwambia, haijaguswa. Mimi nilikuwa naitafutia dawa. Mara tukasikia gari."

Walichukuliwa watu sita. Babu alikuwa ameacha kitambulisho cha kiwandani nyumbani, kwenye suruali nyingine. Mkewe alikipeleka jioni, akaachiwa. Muuza Kahawa alikuwa na birika, vikombe na mkaa, lakini hakuwa na karatasi. Kuuza kahawa, kwa macho ya siku zile, haikuwa kazi. Akapandishwa gari. Wenzake wengine wawili walirudi baada ya miezi kadhaa, wamekonda. Yeye hakurudi Temeke, na hakuna anayejua alikoishia.

"Nani angeshinda, Babu?" nilimuuliza.

"Yeye," alinijibu. Halafu akatikisa kichwa. "Au mimi. Sikumbuki tena vizuri. Nilirudi kesho yake nikakuta watoto wamezichezea kete."

Nikaona kwamba Babu, mpaka leo, kila akienda kijiweni hubeba kitambulisho kwenye mfuko wa shati. Zamani nilidhani ni mazoea ya uzee tu.

Maneno yale yalinisumbua usiku kucha. Wachezaji wa sataranji wana jambo moja ambalo sisi hatuna: wanaandika. Kuna mchezo wa sataranji uliorekodiwa Valencia, Hispania, mwishoni mwa karne ya 15, na leo mtoto yeyote mwenye ubao anaweza kuucheza upya, hatua kwa hatua, akauliza pale mshinde alikosea wapi. Bao letu halina mazoea hayo. Mchezo ukiisha, kete zinazolewa, mashimo yanabaki matupu. Fundi akifa, anakwenda na michezo yake yote kichwani. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alitoa utafiti mzima juu ya mafundi wa bao, baada ya kukaa nao Zanzibar. Namshukuru. Lakini kwa nini asubiriwe mgeni avuke bahari, wakati mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwenye ubao?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulidhani mali ni fedha peke yake.

Basi nimenunua daftari, lile la kurasa 96. Nimeyapa mashimo namba, kuanzia 1 hadi 8 kwa kila safu. Kila alasiri nakaa pembeni ya Babu na kuandika: kete imeingia wapi, imekula wapi, imelala wapi. Mwanzoni wazee walinitazama kwa wasiwasi. Mmoja aliuliza kwa ukali, "Wewe kijana, unatuandika majina?" Nikamwonyesha ukurasa: hakuna majina, namba tupu. Akauangalia kwa muda mrefu, akasema, "Hapa umekosea. Hapa hakulala, aliendelea." Nikafuta, nikasahihisha. Siku hizi wenyewe ndio wanaonikumbusha, "Umeandika hiyo?"

Nimeshaandika michezo 41. Babu ameshinda 29. Macho yake yanapungua nguvu, siku nyingine anahesabu kete kwa kidole. Mkono bado haujasahau.

Vijana wenzangu mnaosoma kurasa hizi na kuota kuandika riwaya, nami nikiwamo, tunapenda kulalamika kwamba hatuna visa. Visa vimekaa chini ya miti, vinacheza. Mji huu sasa una watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, na miti inakatwa kupisha fremu za maduka. Nendeni na madaftari. Amkieni wazee kwanza.

Wiki iliyopita Babu aliniomba nimpangie ubao kama ulivyokuwa siku ile ya 1983, kwa kadiri anavyokumbuka. Tulipanga, akabadilisha, tukapanga tena. Mwisho akaniambia nikae upande wa Muuza Kahawa nicheze. Nilicheza kadiri ya uwezo wangu, akanifunga. Hakufurahi.

"Yeye asingecheza hivyo," alisema, akaanza kuzoa kete.