Ndege wa manjano bondeni: mjue kabla hujamtupia jiwe

Kila mwaka kuanzia Oktoba, mvua za vuli zinapokaribia, tunaanza kumwona kwenye mabonde ya mpunga upande wa Kibokwa, na kwenye madimbwi na malisho ya ng'ombe kuelekea Matemwe. Ni ndege mdogo wa manjano, anakimbia chini huku mkia ukitikisika juu na chini bila kutulia. Kitaalamu anaitwa Motacilla flava. Huzaliana Ulaya na Asia, kisha huvuka jangwa la Sahara kukimbia baridi ya huko. Aprili, masika yakishika, huwa anarudi kwao.

Alama zake

Urefu wake ni sentimita 16 hadi 17, na uzito kama gramu 17 tu. Tumbo ni manjano, mgongo una ukijani wa zeituni, miguu myeusi. Mkia ni mrefu mweusi, wenye mistari myeupe pembeni. Akiruka hupanda na kushuka kama mawimbi, akitoa sauti moja kali: "tswiip!"

Wachanga wamepauka, karibu rangi ya vumbi. Madume hung'ara zaidi Februari na Machi, kabla ya safari. Vichwa vyao hutofautiana kulingana na walikotoka: vingine vya kijivu, vingine vyeusi, vingine manjano. Wote ni ndege wa aina moja.

Si mnana

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mnana naye ni wa manjano, lakini mdomo wake ni mnene, wa kuvunjia punje, na akiwa chini hurukaruka. Huyu mgeni ana mdomo mwembamba kama sindano, naye hutembea hatua kwa hatua. Mdomo huo hauwezi kumenya mpunga. Chakula chake ni wadudu: nzi, mbu, viwavi na panzi wadogo. Ndiyo maana hufuata ng'ombe, awadake wadudu wanaotimuliwa na kwato.

Kwa hiyo, mnaoamia mpunga, tazameni mdomo kwanza. Wazazi, waambieni watoto wenye manati na ulimbo kwamba huyu hali mazao yetu. Jioni hulala kwa makundi kwenye matete, kwa hiyo kuyachoma moto matete hayo ni kuwachomea malazi.

Ukimkuta amekufa na ana pete mguuni, andika namba na maandishi yaliyomo, tarehe na mahali, kisha mpelekee ofisa wa misitu aliye karibu. Namba hiyo inaweza kuonesha alikoanzia safari.