Ufaransa na Hesabu ya Watoto Wake

Imezoeleka kusemwa kwamba watu wakitajirika huzaa wachache. Viwanda hujengwa, miji hukua, vifo vya watoto hupungua. Kisha wazazi, wakiona kwamba hapana haja tena ya kuzaa wanane ili wabaki wanne, hujizuia wenyewe. Maelezo haya yaelekea kufaa kwa Uingereza na Ujerumani, ambako uzazi ulianza kushuka dhahiri katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Kwa Ufaransa hayafai. Na kwa kuwa Ufaransa ilitangulia mataifa yote makubwa ya Ulaya katika jambo hili, kwa muda wa karibu karne nzima, msomi hawezi kuipita kama kioja cha njiani.

Mapinduzi yalipozuka mwaka 1789, Ufaransa ilikuwa na watu wapatao milioni 28. Kisiwa cha Uingereza, kilipohesabiwa mwaka 1801, hakikutimiza hata milioni 11. Wakati huo, katika kila Wafaransa 1,000 walizaliwa watoto wapatao 37 kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1830 walikuwa kama 30, na mwaka 1911 hawakufika 19. Yakumbukwe mazingira ya mwanzo wa mshuko huo. Nchi ilikuwa ya wakulima, ya ngano na mizabibu. Watoto walikuwa bado wakifa kwa wingi. Waganga hawakuwa na dawa yo yote ya kuzuia mimba. Njia ilikuwa ile ya tangu kale, ya mume kujizuia dakika ya mwisho, na mwandishi Moheau alikwisha kulalamika mwaka 1778 kwamba siri hiyo imefika mpaka vijijini. Sisi twasema kila mtoto huja na riziki yake. Mkulima wa Normandie hakuliamini neno hilo tena.

Kwa nini? Frédéric Le Play, mtaalamu wa mambo ya jamaa, aliilaumu sheria ya urithi ya mwaka 1804, iliyowagawia watoto wote mali kwa haki moja. Shamba la baba likigawanywa mara sita halimlishi mtu; likirithiwa na mmoja au wawili, jina na nyumba vyabaki. Hoja hii ina nguvu, lakini yajikwaa Bretagne. Wabretoni walikuwa chini ya sheria ile ile, na wala mashamba yao hayakuwa mapana, lakini waliendelea kuzaa wengi karibu muda wote wa karne ya 19. Tofauti yao kubwa ni kwamba walilishika Kanisa kwa nguvu, hali mikoa mingine mingi ilikuwa imelegea. Kwa maoni yangu sheria ya urithi ilikuwa sababu kwa wale tu waliokwisha kuamini kwamba idadi ya watoto ni jambo lililo mikononi mwao. Imani hiyo ndiyo iliyogeuka kwanza, na haikuandikwa na bunge lo lote.

Serikali haikushtuka sana mpaka iliposhindwa vitani na Wajerumani mwaka 1871. Tangu hapo mtoto alianza kuhesabiwa kama askari. Mwaka 1896 Jacques Bertillon alianzisha chama cha kuongeza idadi ya Wafaransa. Mwaka 1899 Émile Zola alitoa riwaya nzima, *Fécondité*, ya kusifu uzazi. Wakati huo huo hesabu zilizidi kutisha: kati ya mwaka 1890 na 1911 ilitokea miaka saba ambayo waliokufa walizidi waliozaliwa, na kwenye mwaka 1911 Wajerumani walikuwa wapata milioni 65 na Wafaransa hawakutimiza milioni 40.

Vita vya 1914 viliua askari wa Kifaransa zaidi ya milioni 1.3. Baada yake ikaja amri. Sheria ya mwaka 1920 ilikataza kueneza habari za kuzuia mimba, na mwaka huo huo ikatungwa nishani ya mama: ya shaba kwa watoto watano, ya fedha kwa wanane, ya dhahabu kwa kumi. Kinamama hawakuikimbilia. Kuanzia mwaka 1935 vifo vilizidi tena vizazi. Ndipo msaada wa fedha kwa wazazi ukapanuliwa na sheria ya Julai 1939. Na baada ya kushindwa tena mwaka 1940, serikali ya Vichy iliifanya kazi ya kutoa mimba kuwa kosa dhidi ya dola. Tarehe 30 Julai 1943 Marie-Louise Giraud, mfuaji nguo wa Cherbourg, alikatwa kichwa huko Paris kwa kutoa mimba 27.

Jambo la ajabu ni kwamba siku alipouawa uzazi ulikuwa umekwisha kuanza kupanda, tangu mwaka 1942, nchi ikiwa chini ya adui na wanaume karibu milioni moja wakiwa mateka Ujerumani. Wako wanaoisifu sheria ya 1939. Huenda ilisaidia. Lakini Marekani, isiyowalipa wazazi msaada wa namna hiyo, iliona mpando ule ule. Ufaransa ilipata watoto zaidi ya 800,000 kila mwaka toka 1946 hadi 1974. Halafu wastani wa watoto kwa kila mwanamke ukaanza kushuka baada ya 1964, yaani kabla ya sheria ya Desemba 1967 iliyoruhusu dawa za kuzuia mimba, na kabla ya ile ya 1975 iliyoruhusu kuitoa. Mara hii pia sheria ilifika nyuma ya watu.

Mwezi wa Januari 2024 Rais Emmanuel Macron aliwaambia wananchi kwamba nchi yahitaji kujizatiti upya kwa uzazi, akatumia neno la silaha, kama wazee wake wa baada ya 1871. Aliahidi likizo mpya ya uzazi na vita dhidi ya utasa. Wanawake wengi walichukizwa na neno lenyewe kuliko ahadi. Mwaka huo walizaliwa watoto wapatao 663,000, pungufu kuliko mwaka uliotangulia, na wastani kwa kila mwanamke ulikuwa 1.62, mdogo kuliko wo wote tangu kumalizika kwa vita vya 1914.