Swichi Zisikiazo Sauti na Taabu ya Kuzifunza Uziwi

Wengi waionapo taa ikiwaka kwa kupigwa makofi mawili hudhani kwamba hikima yote imo katika sikio la chombo kile, yaani katika ustadi wa kukifanya kitu kisicho roho kisikie. Na dhana hiyo si ya kushangaza, kwani kusikia ni katika sifa za kiumbe hai. Lakini mwenye kuifuatia tarikhi ya swichi hizi tangu asili yake ataona kwamba kusikia kulipatikana mapema, tena kwa wepesi. David Edward Hughes alipodhihirisha huko London, mwaka 1878, kwamba vipande vya kaboni vilivyogusana kidogo tu hubadili mkondo wa umeme kila vitikiswapo na sauti, mlango wa jambo hili ulikwisha kufunguliwa. Nayo rilei, ile swichi ivutwayo na sumaku ya umeme, ilikuwa imekwisha kutumika katika telegrafu kwa miaka mingi. Kilichowataabisha mafundi kwa muda wa karne nzima ni kinyume cha kusikia: namna ya kukifanya chombo kipuuze kikohozi, na kicheko, na mbwa abwekaye, na mlango ubamizwao, kisha kiitii sauti moja tu miongoni mwa sauti zote za maskani.

Katika miaka ya 1920 palikuwa na mchezo wa watoto ukiuzwa Marekani, jina lake Radio Rex, nao ni mfano wa awali ulio mashuhuri. Ni mbwa mdogo wa saluloidi aliyekaa ndani ya kibanda chake, ameshikwa kwa sumaku ya umeme huku springi nyuma yake ikitaka kumsukuma atoke. Katika njia ya umeme ule palitiwa daraja jembamba la chuma, lenye kutikisika zaidi lipatapo mitetemo iliyo karibu na 500 kwa sekunde, na mitetemo hiyo imo katika irabu ya jina Rex. Mtu akiliita jina hilo daraja hutikisika, umeme hukatika, sumaku humwachia, na mbwa huruka nje. Kwa hakika mbwa yule hakulijua jina lake hata kidogo; neno lolote lenye irabu ile lingeweza kumtoa, na mtoto mwenye sauti nyembamba, ambaye ndiye mwenye mchezo, angeweza kumwita asimwitikie, kwa kuwa irabu ya kinywa cha mtoto huwa juu ya kiwango kile. Hata hivyo kaida iliyowekwa humo ilikuwa kaida njema: chombo kisijaribu kufahamu neno, bali kichague mtetemo mmoja na kuyaacha mengine yapite.

Kaida hiyo ndiyo aliyoishika Roy Wensley, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, alipotengeneza mwaka 1927 chombo alichokiita Televox, kwa ajili ya vituo vidogo vya umeme ambavyo ilikuwa gharama kubwa kuweka mtu wa kuvilinda usiku na mchana. Aliye mbali alipiga simu. Chombo kikaunyanyua mkono wa simu kwa nguvu yake chenyewe, kikasikiliza, na kama kilichosikiwa ni mojawapo ya sauti tatu za filimbi zilizopimwa barabara, kilifungua au kufunga swichi, kisha kikajibu kwa kuvuma mara kadhaa ili mpigaji ajue kazi imetimia. Magazeti yalivutiwa mno na habari ya mama wa nyumba ambaye angepiga simu kutoka mjini jiko likawaka kabla hajarudi, na kampuni nayo ikakitilia chombo umbo la mtu lililokatwa katika ubao, watu wapate kukistaajabia. Kwa maoni yangu sifa iliyomstahili Wensley si ya ubao ule bali ya kiasi alichokiweka: alijua kwamba maneno ya wanadamu yangekishinda chombo chake, akakipa amri chache zisizofanana na mazungumzo ya mtu yeyote.

Aliyeifikisha fikira hiyo mbali kupita wote ni Robert Adler, mzaliwa wa Vienna na msomi wa fizikia wa chuo kikuu cha mji huo, aliyeihama nchi yake baada ya Wanazi kuitwaa, akaajiriwa na kampuni ya Zenith ya Chicago mwaka 1941. Mkuu wa kampuni hiyo, Eugene McDonald, aliyachukia matangazo ya biashara katika televisheni, akataka mtazamaji aweze kuyanyamazisha pasipo kuondoka kitini. Mwaka 1950 walitoa kidude chenye waya, na watu wakawa wanajikwaa. Mwaka 1955 Eugene Polley akaleta kurunzi iliyomulikwa katika pembe za televisheni, lakini jua lilipopenya dirishani stesheni zilibadilika pasipo amri ya mtu. Mawimbi ya redio nayo hayakufaa, maana hupita kuta yakaitawala televisheni ya jirani. Fauka ya hayo, wauzaji wa kampuni walikataa kidude chenye betri, kwa hofu kwamba betri ikifa mnunuzi atadhani televisheni yenyewe imeharibika.

Baina ya makatazo hayo yote Adler akaiona njia moja iliyobaki, nayo ni sauti isiyosikika. Katika kidude kilichotoka mwaka 1956 kwa jina la Space Command alitia fito nne za alumini, kila mmoja na urefu wa sentimita sita na kitu, na kila mmoja na nyundo yake ndogo. Kibonyezo kilipobanwa nyundo iligonga ufito, ukalia kwa mitetemo karibu 40,000 kwa sekunde, hali sikio la mwanadamu huishia kwenye 20,000 au chini ya hapo. Ufito mmoja ulipandisha stesheni, wa pili uliishusha, wa tatu ulinyamazisha sauti, na wa nne uliwasha na kuzima. Hapakuwa na betri wala waya, na kuta za chumba ziliizuia sauti ile isitoke. Ni nadra kuona kazi ya uhandisi iliyo safi namna hii. Ndani ya televisheni, lakini, zilihitajika valvu sita za ziada, na bei ikapanda kwa takriban asilimia 30. Wala uziwi wake haukukamilika, kwani sarafu au funguo zikigongana huzaa mitetemo ya kiwango kilekile, na stesheni huhama. Juu ya hayo, zaidi ya televisheni milioni tisa ziliuzwa zenye vidude vya namna hiyo, mpaka mwanga usioonekana ulipokuja kushika mahali pake mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Wakati huohuo vifaa vya umeme vilikuwa vikipungua umbo na bei. William Eccles na Frank Jordan wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuvumbua, mwaka 1918, mpango wa valvu mbili wenye kukaa katika hali moja kati ya hali mbili mpaka uguswe, na huo ndio uwezao kukumbuka kama taa imewaka au imezimwa, hata ishara ileile ikafanya kazi zote mbili. Transista ya mwaka 1947 iliufanya uwe kitu kidogo, na mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West wa maabara ya Bell wakaleta maikrofoni ya elektreti, ambayo kwa urahisi wake imeenea duniani kote.

Ndipo katikati ya miaka ya 1980 Joseph Pedott, mtu wa matangazo wa San Francisco, alipoitia sokoni swichi ya makofi, The Clapper, ichomekwayo ukutani na taa ikachomekwa ndani yake. Kofi halina irabu wala mtetemo mmoja wa kuchaguliwa. Ni kishindo kama vishindo vingine. Kwa hiyo mafundi waliacha kuchagua mtetemo wakachagua mwendo wa wakati: vishindo viwili vyenye nafasi maalumu kati yao, sawa na mgeni mwenye adabu apigaye hodi akanyamaza kungoja idhini. Katika hati ya uvumbuzi waliyopewa Carlile Stevens na Dale Reamer tarehe 20 Februari 1996, idadi tofauti za makofi huamuru vyombo tofauti, na katika chombo kilichouzwa mawili ni ya kimoja na matatu ni ya cha pili. Palikuwa pia na kirungu cha kupunguza wepesi wa kusikia, kwa nyumba zenye makelele. Wako waliokidharau chombo hiki kwa sababu ya tangazo lake la televisheni. Mimi nakiheshimu, kwa sababu mzee asiyeweza kuinuka kitandani, au mtu ambaye miguu yake haimtii, alipata kuizima taa yake mwenyewe pasipo kumwamsha mtu.

Vyombo vya leo vingojavyo jina lao, kama Echo ya Amazon iliyotoka Novemba 2014 ikiwa na maikrofoni saba, vimerithi taabu ileile, ila sasa kinachopaswa kukataliwa ni lugha nzima. Mwezi wa Aprili 2017 kampuni ya Burger King ilitoa tangazo la televisheni ambamo msemaji alivitaja vyombo vya Google kwa neno lao la kuviamsha, akaviuliza habari za mkate wao wa nyama, na vyombo katika nyumba za watazamaji vikaanza kujibu. Google haikuzuia neno lile, maana wenye vyombo walilihitaji. Muda wa saa chache tu vyombo vikaacha kuijibu sauti ya tangazo lile, hali mwenye nyumba akiliuliza swali lilelile kwa kinywa chake bado alijibiwa.